Kuipeleka programu huria yako kwenye tuzo: mwongozo kwa wanaoanza, Mwanza na Kanda ya Ziwa

Dirisha la tuzo yoyote likikaribia kufungwa, maswali huwa yale yale. Naombea wapi? Lazima niwe na kampuni? Programu yangu inatumika Kirumba tu, si watanicheka? Kuna ada? Nimeona bora niyajibu yote mara moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili atakayeuliza kesho nimpe hiki asome. Kimeandikwa kwa ajili yako uliyeko Nyegezi, Buzuruga, Sengerema, Ukerewe, Musoma au Bukoba, unayeandika programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) peke yako au na wenzako wawili watatu, na hujawahi kujaza fomu ya tuzo hata moja.

Jambo moja nilitangulize. Majaji hawakai kusoma msimbo wako mstari kwa mstari. Wanatafuta ushahidi wa mambo mawili: kwamba wapo watu wanaoitegemea programu hiyo, na kwamba mtu asiyekujua kabisa anaweza kuichukua, kuiwasha na kuirekebisha bila kukupigia simu. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kutengeneza au kukusanya ushahidi huo. Kazi hiyo inakula miezi. Fomu yenyewe ni ya jioni moja.

Kwa mfano nitatumia programu ya kubuni: tuseme inarekodi mizani ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, inafanya kazi bila mtandao, na jioni inatuma hesabu ya siku kwa SMS. Ya kwako iweke mahali pake.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Repo, yaani ghala la msimbo mtandaoni kama lile la GitHub, iliyo wazi kwa kila mtu, yenye historia yake yote. Faili la zip kwenye Google Drive halihesabiki.
- Faili la leseni ndani ya repo hiyo.
- Angalau toleo moja lenye namba, ambalo watu wamelitumia kwa kazi halisi.
- Barua pepe ya mradi. Usitumie ya chuo, maana ukihitimu inaweza kufungwa, na majibu ya tuzo huja baada ya miezi mingi.
- Watumiaji wachache ambao si ndugu wala rafiki zako, walio tayari kuandika barua.
- Mtu wa kukusomea Kiingereza chako. Fomu nyingi ni za Kiingereza, na Kiingereza cha kutafsiriwa na mashine jaji anakitambua mapema.
- Bando la kutosha kupakia video, na pawabenki. Umeme wa siku ya mwisho usiuamini.

Kampuni huhitaji. Ofisi huhitaji. Kusajili jina la biashara kunaweza kusaidia wakati wa kupokea fedha, lakini tuzo nyingi za programu huria hupewa mradi au mtu.

Hatua ya 1: Jua tuzo unayoitaka inatolewaje

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kuna tuzo ambazo wahariri huchagua wenyewe. Mfano ni Bossie za InfoWorld, zilizoanza mwaka 2007: wahariri na wachambuzi wao huangalia programu huria zinazotikisa kazi za watengenezaji programu, hifadhidata, wingu na usalama, kisha hutangaza majina. Hakuna fomu ya wewe kujaza. Mizani ya dagaa haitaingia humo hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu si eneo lao. Iache.

Kuna za kura. SourceForge, tovuti ya kuhifadhi miradi huria, ilikuwa nazo mwishoni mwa miaka ya 2000, na mashindano madogo ya aina hiyo bado hujitokeza. Mwenye watumiaji wengi ndiye hushinda. Mradi wa mialo mitatu ukiingia huko, utaishia kuomba kura kwenye magrupu ya WhatsApp ya harusi na misiba, na watu watakupigia bila kujua wanapigia nini. Sikushauri.

Kuna za jopo la majaji, na hizi ndizo zako. Free Software Foundation ya Marekani hutoa tuzo kwa miradi yenye manufaa kwa jamii tangu mwaka 2005, na wa kwanza kuipata walikuwa Wikipedia. Angalia waliofuata: Sahana mwaka 2006, mfumo wa kuratibu misaada uliozaliwa Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004, OpenMRS mwaka 2012, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, ng'ambo ya ziwa letu, OpenStreetMap mwaka 2018. Hakuna hata mmoja ulioanza kwa kutafuta tuzo. Palikuwa na shida ya watu, programu ikafuata. Kama yako ilianza hivyo, usijidharau kwa sababu inatumika Kirumba.

Kuna za mtu binafsi. Januari 2025, huko Brussels, Daniel Stenberg alipewa tuzo ya Ulaya ya programu huria kwa kazi yake ya miaka mingi kwenye curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni ambacho huenda kiko ndani ya simu yako sasa hivi. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kuzeeka na kazi. Lakini Free Software Foundation hiyo hiyo ina tuzo ya mchangiaji mpya, na aliyeipata ya mwaka 2019, ya kwanza kabisa, ni Clarissa Lima Borges wa Brazil, kwa kupima kama programu za GNOME (mazingira huria ya skrini ya kompyuta) ni rahisi kwa mtumiaji wa kawaida. Zingatia hilo: hakusifiwa kwa msimbo. Kama kazi yako ni kukaa na mama muuza dagaa na kuandika pale anapokwama kwenye skrini, au kutafsiri programu kwa Kiswahili, hiyo ni kazi inayopewa tuzo.

Nyumbani kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019. Yana makundi hadi la mfumo usio rasmi, kwa hiyo hata asiye chuoni anaingia. Fahamu tu kwamba yanapima ubunifu kwa jumla, hayapimi uhuria wa programu. Utaulizwa itaingizaje fedha, na jibu la "ni bure" pekee halitatosha.

Mwisho kuna vitu ambavyo si tuzo ila vinasaidia kuipata. Digital Public Goods Alliance ina orodha ya programu huria zenye manufaa kwa umma, na kuingia humo unapimwa kwa vigezo 9: leseni, umiliki, maandiko, faragha na kadhalika. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya hapa nchini inaitumia kwa takwimu za vituo, imo. Pia kuna beji ya utendaji bora ya OpenSSF, taasisi ya usalama wa programu huria, ambayo unajijazia mwenyewe mtandaoni. Vyote viwili ni bure. Anza navyo, kwa sababu majibu utakayoyaandika humo ni nusu ya fomu yoyote ya tuzo.

Kwa mwaka wa kwanza chagua tuzo moja ya jopo. Ukituma tano, utatuma tano dhaifu.

Hatua ya 2: Nyoosha leseni na umiliki

Repo isiyo na leseni si programu huria, hata kama kila mtu anaweza kuiona. Kisheria haki zote zimebaki kwako, na anayeitumia anakuibia bila kujua. Weka faili la LICENSE lenye maandishi kamili ya leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, taasisi inayoidhinisha leseni huria: MIT, Apache 2.0, GPL toleo la 3, au nyingine ya orodha yao. Usitunge ya kwako, na usiongeze sentensi.

Kosa linalojirudia kuliko yote: kuandika "ni huria, ila isitumike kibiashara". Hiyo si huria. Fasili ya Open Source Initiative inakataza kubagua aina ya matumizi, na tuzo nyingi zitakutoa kwenye mchujo wa kwanza. Unaogopa tajiri wa kiwanda cha samaki aichukue na kuifungia? Tumia AGPL, inayomlazimu anayeibadilisha na kuitoa kama huduma mtandaoni kuwafungulia watumiaji wake msimbo. Kumzuia asiitumie huwezi.

Kisha angalia vifaa ulivyojengea. Leseni hubadilika: Redis, hifadhidata maarufu, iliacha leseni huria Machi 2024, halafu Mei 2025 ikaongeza AGPL. Pitia kila maktaba ya msimbo uliyoitegemea, uandike leseni yake kwenye faili moja.

Umiliki nao. Kama uliandika programu ukiwa kazini au kama mradi wa mwisho wa chuo, soma mkataba na kanuni za chuo kabla ya kudai ni yako. Omba barua fupi ya mwajiri au idara inayokubali itolewe kwa leseni hiyo. Barua hiyo ni rahisi kuipata leo kuliko siku utakayotangazwa mshindi.

Hatua ya 3: Toa siri na majina ya watu ndani ya repo

Ukitangaza mradi kwenye tuzo, wageni watauchimba, na si wote wema. Tafuta nywila, funguo za huduma ya SMS, na anwani za seva. Programu ya Gitleaks inaweza kukutafutia kwenye historia nzima.

Onyo: kufuta faili lenye ufunguo na kusukuma mabadiliko hakuufuti ufunguo. Bado umo kwenye historia ya git na mtu atauona kwa dakika moja. Kwanza badilisha ufunguo wenyewe kwa mtoa huduma, ndipo usafishe historia kwa git filter-repo. Anayeanza na kusafisha anaacha mlango wazi, na salio la SMS huisha usiku mmoja.

La pili ni data ya majaribio. Nimeona repo za vijana wazuri kabisa zikiwa na faili la Excel lenye majina ya wavuvi, namba za simu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka data ya kubuni kwenye repo. Kwenye README, faili la maelezo ambalo mgeni hulisoma kwanza, eleza kwa aya moja programu inakusanya nini, inakaa wapi, na mtu akitaka yake ifutwe afanyeje. Vigezo vya Digital Public Goods vinauliza hayo hayo.

Hatua ya 4: Mfanye mgeni aweze kuiwasha

Mtafute mtu anayejua kompyuta lakini hajawahi kuona mradi wako. Mpe kiungo cha repo, kaa pembeni, funga mdomo. Kila mara anapokutazama usoni kutaka msaada, andika: hapo README ina pengo. Rudia na mtu mwingine hadi aiwashe bila kukutazama.

README iwe na Kiingereza juu na Kiswahili chini, au faili mbili. Ianze na sentensi mbili za kueleza programu ni ya nani na inatatua nini, picha moja ya skrini, amri za kuisakinisha, kisha jinsi ya kuchangia. Kiswahili kilichomo ndani ya programu yenyewe usikiondoe ili kumfurahisha jaji. Ndicho kinachoonyesha kwamba ilitengenezwa kwa watu fulani. Toa toleo lenye namba:

`git tag -a v1.0.0 -m "Toleo la kwanza"`

`git push origin v1.0.0`

Na weka mahali pa kuripoti hitilafu, uonekane unajibu. Malalamiko yaliyokaa mwaka bila jibu yanasema mengi kuliko maelezo yako yote.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi

Gawanya ushahidi katika mafungu matatu.

Fungu la msimbo ni jepesi. Amri hii itakupa wachangiaji na idadi ya michango ya kila mmoja kwa mwaka:

`git shortlog -sn --since="1 year ago"`

Ikiwa wachangiaji ni wewe peke yako, usijaribu kuficha. Majaji wanajua kuendesha amri hiyo pia.

Fungu la matumizi ndilo lenye mtego, hasa kwa kazi za ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili mitumbwi mingi hupumzika, na mizani nayo hulala. Ukichukua takwimu za wiki ya giza ukaandika "kila wiki tunarekodi hivi", umedanganya bila kukusudia, na jaji akiomba data ya mwezi mzima utaonekana mwongo. Ukizichukua za wiki ya mbalamwezi, umejipunja. Pima kwa mizunguko kamili ya mwezi, kila mmoja siku 29 na nusu hivi, na useme hivyo kwenye maelezo. Kipindi ambacho Serikali imesitisha uvuvi kitaje pia. Mradi wa kilimo nao una msimu wake, wa shule una likizo zake. Kanuni ni ile ile.

Hesabu watu walioitumia zaidi ya mara moja. Idadi ya waliopakua peke yake ni takwimu dhaifu, maana nusu yao ni rafiki zako uliowatumia kiungo.

Fungu la tatu ni barua. Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa mwalo, msimamizi wa ushirika, mwalimu, mganga wa zahanati, yeyote anayeitegemea kazi yako. Mwendee kwa heshima, salimia, eleza shida, usimwachie karatasi umwambie saini hapa. Barua aiandike yeye kwa Kiswahili chake, iwe na tarehe, jambo moja lililobadilika tangu programu ianze kutumika, na muhuri. Wewe ambatanisha tafsiri ya Kiingereza. Barua uliyoitunga wewe na kumpa asaini inajulikana, kwa sababu zote zinafanana maneno. Omba pia ruhusa ya jina lake kutumwa nje ya nchi. Asipotaka, jina la mwalo na cheo vinatosha.

Hatua ya 6: Andika maelezo

Kwanza andika kwa Kiswahili, kisha uhamishie Kiingereza. Ukianza na Kiingereza utajikuta unaandika hivi:

"Suluhisho letu la kisasa linatumia teknolojia za hali ya juu kuleta mapinduzi katika sekta ya uvuvi."

Hakuna alichojifunza jaji hapo. Jaribu hivi:

"Dagaa wa Ziwa Victoria (Rastrineobola argentea) huuzwa mwaloni kwa ndoo alfajiri. Jioni, mchuuzi na mwenye mtumbwi huwa na hesabu mbili tofauti. Programu hii huandika kila ndoo inapopimwa, kwenye simu ya bei nafuu, bila mtandao, kisha huwatumia wote wawili hesabu moja kwa SMS. Tangu [mwezi na mwaka] inatumika kwenye mialo [idadi]. Msimbo uko wazi kwa leseni ya Apache 2.0, na michango [idadi] ya mwaka huu imetoka kwa watu walio nje ya timu yetu."

Mambo ya kushika hapo. Shida imetangulia, teknolojia imekuja baadaye. Jaji aliyeko Boston hajui dagaa ni nini, na jina la kisayansi linampa pa kuanzia. Ukiwa na nafasi ongeza kwamba samaki huyo huyo Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Papo hapo anaona kwamba shida ni ya nchi tatu zinazozunguka ziwa moja, na programu ina pa kwenda.

Kila dai liwe na kiungo au kiambatisho. Dai lisilo na ushahidi lifute, hata kama ni kweli. Na sehemu ya "changamoto" usiijaze sifa zilizovaa nguo za udhaifu. Sema wazi: SMS zina gharama na bado hatujui nani atalipia mwaka ujao. Jaji anayejua kazi ataamini yaliyobaki.

Hatua ya 7: Video, ikiombwa

Dakika mbili. Nusu ya kwanza mtumiaji anaitumia, nusu ya pili skrini yenyewe. Mwaloni kuna upepo, injini na makelele ya wapiga bei, kwa hiyo sauti ya maelezo irekodi baadaye chumbani, na uweke maandishi ya Kiingereza chini. Omba ruhusa ya kila anayeonekana. Punguza ukubwa kabla ya kupakia:

`ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:720 -crf 28 fupi.mp4`

Bismarck Rock na machweo ya Capri Point yaache. Sekunde ishirini za ndege isiyo na rubani juu ya mawe ni sekunde ishirini ambazo programu haionekani.

Hatua ya 8: Tuma, na uhesabu saa vizuri

Wengi hukosa kwa saa. Tuseme tangazo linasema mwisho ni tarehe 30 Septemba, 23:59. Swali ni 23:59 ya wapi?

- Ikiwa ni UTC, saa ya kimataifa, sisi tunatangulia kwa saa tatu: kwetu ni saa 8:59 usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba.
- Ikiwa ni AoE, yaani popote duniani ambako siku haijaisha, kwetu ni saa 8:59 mchana wa tarehe 1 Oktoba.
- Ikiwa ni saa za California kwa wakati huo wa mwaka, kwetu ni saa 3:59 asubuhi ya tarehe 1 Oktoba.

Angalia mbili za kwanza: saa ile ile nane, moja usiku, moja mchana. Ukimwambia mwenzako "mwisho saa nane" bila kusema ipi, mmeshakosana. Andikeni kwa saa 24 mnapopanga, kisha tumeni siku mbili kabla.

Majibu yote yaandike kwanza kwenye faili lako, ndipo unakili kwenye fomu. Fomu nyingi hazihifadhi, na bando likikata unaanza upya. Ukishatuma, piga picha ya skrini ya uthibitisho.

Hatua ya 9: Wakati wa kusubiri

Usibadilishe leseni, jina la mradi wala anwani ya repo. Endelea kujibu hitilafu, kwa sababu majaji huingia kwenye repo wiki kadhaa baada ya dirisha kufungwa, na mradi ulionyamaza siku ya kutuma fomu unajieleza wenyewe.

Mambo yakikwama

*Nimepata barua pepe kwamba nimeshinda tuzo ambayo sikuomba.* Tazama kama kuna malipo: ada ya kombe, meza ya gala, "kifurushi cha matangazo". Zipo biashara nzima za kuuza tuzo. Baadhi ya tuzo halali za viwanda hutoza ada ya kuingia, ni kweli, lakini mradi huria usio na kipato hauna sababu ya kulipa ili upimwe. Ukiombwa fedha baada ya "kushinda", funga barua hiyo.

*Repo yangu ina nyota nne tu.* Tuma. Nyota hutolewa na watengenezaji programu, na watumiaji wako hawana akaunti ya GitHub. Barua za mialo ziweke mbele.

*Kanuni zinasema siwezi kujipendekeza mwenyewe.* Mwombe anayeutumia mradi au mchangiaji wa nje akupendekeze. Mpe faili lako lenye majibu, lakini sentensi azipange yeye.

*Mchangiaji wa zamani hakubali leseni mpya.* Huwezi kubadilisha leseni ya msimbo wake bila idhini yake. Zungumza naye; ikishindikana, andika upya sehemu yake au baki na leseni ya awali kama ni huria.

*Programu haiwaki kwenye kompyuta ya jaji.* Weka toleo la majaribio mtandaoni lenye data ya kubuni na akaunti ya mgeni, kisha hakikisha haizimiki kwa salio la seva kuisha katikati ya uamuzi.

*Tumekataliwa bila sababu.* Andika barua fupi ya kushukuru na kuomba maoni ya majaji. Wengine hujibu. Mwaka unaofuata tuma tena kwa takwimu mpya. Hakikisha tu kanuni zinaruhusu mradi ule ule kurudi.

*Tumeshinda, zawadi ni fedha kutoka Marekani.* Mlipaji atakuletea fomu ya kodi: W-8BEN kwa mtu binafsi, W-8BEN-E kwa taasisi. Jina liwe sawasawa na la akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Kama mko watatu, kubalianeni mgawo kwa maandishi kabla fedha hazijaingia, na ulizeni TRA kuhusu kodi ya hapa.

*Tumeshinda, lakini hatuna pasipoti.* Waandikieni waandaaji siku hiyo hiyo, muulize kama wanagharamia safari, kama watatoa barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, na kama hotuba inaweza kutumwa kwa video. Miadi ya viza huchukua muda, na iko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabuni na nauli ya kwenda huko.